Nilipiga makofi pasipopigwa makofi

Juzi nimejitia aibu Asakusa, hapa Tokyo. Nimefika mbele ya Sensoji, hekalu la Buddha, nikatupa sarafu ya yen 5, nikainama, nikapiga makofi mawili, pa! pa! Bibi mwenye nyumba wangu, niliyekuwa nimemsindikiza, akanishika mkono taratibu: kwa Buddha hatupigi makofi, mjukuu wangu, unganisha viganja unyamaze. Makofi ni kule. Akanyoosha kidole kwenye jinja, madhabahu ya Shinto, dini ya asili ya Wajapani, iliyo kandokando. Tukaenda, nikapiga makofi yangu kihalali. Wanaoabudiwa pale ni wavuvi wawili ndugu ambao, kwa masimulizi, mwaka 628 walinasa sanamu ya Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha, kwenye wavu mtoni Sumida, pamoja na mkubwa wa kijiji aliyeitambua. Yaani waanzilishi wa hekalu la Buddha wamekuwa miungu ya Shinto!

Nyumbani kwa bibi ni yaleyale. Jikoni, juu ukutani, kuna kamidana, kirafu cha miungu ya Shinto: chumvi, mchele, maji. Sebuleni kuna butsudan, kabati la ibada la Kibuddha lenye picha ya marehemu mumewe. Wali wa kwanza wa asubuhi ni wake, udi unawashwa, kikengele ting! Nikamuuliza, bibi, wewe dini gani? Akacheka. "Mimi? Sina dini."

Jibu hilo limeninyima usingizi. Kwa hesabu za serikali yao, mwishoni mwa 2018 waumini wa dini zote walizidi milioni 180, katika nchi ya watu kama milioni 126, yaani wengi wamehesabiwa mara mbili. Sisi tukihesabiwa, kila mtu na dini yake moja, safi kabisa. Mguu wa pili tunaufunika kwa kanga.

Najua mtasema: miaka minne Saitama, keshakuwa Mjapani. Jamani, rozari ninayo mfukoni. Ila sisi Wachaga tuambiane ukweli. Desemba tukipanda nyumbani, mbege haimwagwi kwa babu migombani kabla hakujakucha, kisha saa mbili tumekaa misani kama hatujui kitu? Na padre ni mtoto wa kulekule! Wajapani Agosti, wakati wa Obon, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, wanajaza treni kurudi kwa wahenga wao, mchana kweupe.

Yupo atakayesema huko ni kuchanganya mafuta na maji. Kaka, serikali ya Japani enzi za mfalme Meiji ilisema kama wewe. Mwaka 1868 ikaamuru miungu na Buddha watenganishwe, baada ya zaidi ya miaka elfu ya kuishi pamoja, hadi Hachiman, mungu wa Shinto, alikuwa akiitwa bodhisattva, mtakatifu wa Kibuddha. Sanamu zikachomwa. Tsurugaoka Hachimangu, jinja ya Hachiman kule Kamakura, majengo ya Kibuddha yakabomolewa. Kwa hiyo sisemi walizaliwa waungwana. Lakini amri ile jikoni kwa bibi haikufika.

Na tusijidharau pia. Kwetu Hamisi anabeba jeneza la Yosefu, shangazi Mkristo anapika futari, na hakuna anayeshangaa. Mtu na mtu tunaelewana. Mtu na nafsi yake ndipo tunapoanza kunong'ona.

Jana nimempigia mama, nikamsimulia wali wa marehemu. Akakaa kimya, kisha akashusha sauti, maana wanajumuiya walikuwa sebuleni: "Wanampa wa moto, au mpaka upoe?"