Somo moja la Philadelphia

Novemba 17, 1967, wanafunzi weusi wapatao 3,500 walitoka madarasani Philadelphia, Marekani, wakaandamana hadi makao makuu ya elimu ya jiji. Madai yao: tufundishwe historia yetu. Polisi wa kamishna Frank Rizzo wakawashushia virungu. Ni mwaka 2005 tu ndipo jiji lilipoamua kuwa somo la historia ya weusi liwe la lazima kwa kila atakayemaliza sekondari zake za umma, wakati wale waandamanaji wengi wao wangeweza kuwa na wajukuu.

Hata hapo halikupita kimyakimya. John Perzel, wakati huo Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Pennsylvania, alisema watoto hao wajue kwanza kusoma, kuandika na hesabu. Wengi walimbeza. Mimi sithubutu kumbeza mzazi anayesema hivyohivyo, kwa sababu saa za ratiba hazitanuki. Lakini mtoto hujifunza kusoma kwa kusoma kitu, na kitu hicho kwa nini kisiwe habari za babu zake? San Francisco, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliona mahudhurio ya wanafunzi wenye alama duni yakipanda kwa pointi 21 za asilimia baada ya kupangiwa somo la historia na tamaduni za jamii zao. Wapo wanatakwimu wanaoupinga utafiti huo, nami sitauapia. Ila aliyebaki nyumbani hafundishiki.

Kinachonikera kiko kwingine. Temple, chuo kikuu cha jiji hilohilo, kilianzisha shahada ya uzamivu ya taaluma ya historia na tamaduni za weusi mwaka 1988 chini ya msomi Molefi Kete Asante, anayetaka Afrika iwe kitovu cha simulizi, si pembezoni. Hoja nzito, lakini mwalimu wa sekondari ambaye hakuisomea ataifanyia nini? Atakimbilia utumwa na Martin Luther King. Nubia na Mali zitapitiwa juujuu. Brooklyn, New York, mwaka 1970 palikuwa na shule huru ya Wamarekani weusi, Uhuru Sasa Shule (sisi tungesema Shule ya Uhuru Sasa, lakini tumewaelewa), ambako mwenye fikra na mwenye chaki walikuwa chini ya paa moja. Shule za umma hazina bahati hiyo.

Wengine wanaonya kwamba somo likitengwa, mwalimu wa fasihi wa chumba cha pili hupata kisingizio cha kutomgusa mwandishi mweusi hata mmoja. Ni kweli. Bado ningeliacha liwe la lazima, na fedha zinazofuata ningezipeleka kwa walimu: jioni mbili kwa wiki Temple, kwa malipo, na maprofesa nao wakae madarasani mwa walimu hao asubuhi.