Greatest Hits ya Tracy Chapman ni nzuri, ila kuna wimbo ulitakiwa uwepo

Huku Mwanza ukimtaja Tracy Chapman, yule mama wa Marekani anayeimba na gitaa, watu wanakujibu na nyimbo tatu, ile ya gari (Fast Car), ile ya mapinduzi (Talkin' Bout a Revolution) na Baby Can I Hold You, basi. Hizo tatu utazikuta kwa kila kijana anayeingizia watu nyimbo kwenye memori kadi pale Makoroboi, zipo kwenye folda la "slow za mbele" pamoja na kina Celine Dion. Na zote tatu zimetoka kwenye albamu moja ya 1988, yani huyu mama ametoa albamu nane mpaka 2008 sisi tumebaki na nusu saa ya mwanzo.

Ndo maana naipigia debe Greatest Hits yake ya 2015. Ina nyimbo 18 na kazichagua mwenyewe, siyo zile albamu ambazo kampuni inakusanya tu nyimbo zilizouza. Ukiiacha icheze unakutana na Bang Bang Bang ya 1992, inamhusu mtoto anayepewa bunduki halafu jamii inajifanya inashangaa alipojifunzia kuua, unakutana na The Promise ya 1995 ambayo sauti imetulia mpaka unaacha unachofanya, unakutana na Change ya 2005. Halafu Give Me One Reason, blues kabisa, na hii ndo iliyofika juu kuliko zote kule Marekani wakati ule, namba 3 mwaka 1996, wakati Fast Car ya mwaka 1988 iliishia namba 6. Watu hawaamini nikiwaambia.

Fast Car yenyewe tunaisikiliza vibaya. Tunaichukulia wimbo wa safari, na kwa kijana wa huku naelewa kwanini, kila mtu ana rafiki aliyebeba begi akavuka ziwa pale Busisi kwenda kutafuta maisha Geita, enzi za kivuko na sasa hivi daraja lipo. Lakini sikiliza stori. Binti kaacha shule amtunze baba mlevi ambaye mke kamkimbia, anaondoka na jamaa mwenye gari, anapata kazi ya keshia, na mwisho yule jamaa naye anageuka kuwa mtu wa baa kama yule baba mlevi tu, watoto hawamuoni. Na muziki unakwambia hivyo hivyo: gitaa linazunguka palepale, mstari uleule mfupi unarudi na kurudi, ngoma zinakuja kuingia kwa nguvu kwenye kiitikio tu, pale anapokumbuka ile siku gari lilipokuwa linakimbia. Kiitikio kikiisha unarudi kwenye gitaa lako. Mtu aliyeandika kitu kama hicho akiwa na miaka ishirini na kitu hakuwa anatafuta hit.

Sasa kinachoniuma. Kwenye hizi 18 Behind the Wall haipo, na haikuwepo pia kwenye Collection, mkusanyiko wake mwingine wa 2001. Huu ni wimbo wa nne kwenye ile albamu ya 1988, haufiki dakika mbili, hauna gitaa, hauna ngoma, ni sauti yake peke yake. Anaimba kama jirani, anasikia mwanamke anapigwa upande wa pili wa ukuta usiku, anajua polisi wakija watachelewa, kama watakuja kabisa, na wakija wanasema mambo ya mume na mke hawaingilii. Halafu usiku mwingine kimya, na ambulensi.

Nani aliyepanga Igogo au Mabatini hajui hii kitu? Vyumba vimepangana, ukuta mmoja, bati moja juu halina dari, unasikia mpaka mtu anavyokohoa, sasa kipigo utaacha kusikia? Na asubuhi mnasalimiana bombani "habari za kuamka mama nanihii" na jicho limevimba, na watu wanasema ni mambo ya ndani hayo. Leo vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, ni hatua kubwa, lakini dawati halisikii kupitia ukutani, anayesikia ni mpangaji wa pili.

Tena siyo kwamba wimbo umekosekana tu. Kwenye albamu ya 1988 Behind the Wall ikiisha kinachofuata ni Baby Can I Hold You. Yani unatoka kwenye ambulensi, zinapita sekunde chache, linaanza gitaa laini na mtu anaimba kuhusu mwenzake ambaye miaka nenda rudi neno samahani halimtoki mdomoni. Ukizisikia kwa kufuatana huo siyo wimbo wa mahaba tena, unajiuliza huyu anayeambiwa aombe msamaha alifanya nini. Ukiutoa pale ukauweka kwenye mkusanyiko unakuwa kile tunachokijua sisi, wimbo wa send-off, wimbo wa kuombea salamu redioni saa nne usiku. Bado ni mzuri, sauti ile haiharibiki, ila umepungua sana.

Najua watasema jina ni Greatest Hits, ziwekwe hits. Sikubali, kwa sababu wimbo wa mwisho humo siyo hit yake, ni Stand by Me ya Ben E. King aliyoipiga live kwenye kipindi cha TV cha Letterman kule Marekani Aprili 2015, amesimama peke yake na gitaa la umeme, sauti imekuwa nzito kuliko ile ya 1988. Kama nafasi ya wimbo wa mtu mwingine ilipatikana, na nashukuru ilipatikana maana pale ananitoa machozi, basi dakika mbili zisizo hata na ala zingetoshea kabla ya Baby Can I Hold You.

Kwa hiyo itafuteni hii ya 2015, muijue miaka yake yote. Ila ikifika ile ya send-off simamisha kwanza, nenda kaitafute Behind the Wall popote unaposikilizia muziki, ipige, ndo uendelee.