Gatini si Lamu nzima

Ripoti ya uchunguzi wenu wa maoni inasema ati "wakazi wa Lamu wameridhika na usafiri wa boti". Nikasoma hadi chini kabisa, kumbe waliohojiwa walikuwa ni abiria waliokutwa gatini hapa Amu, yaani mjini Lamu! Sasa aliyeshindwa na nauli mtamkuta vipi gatini? Shangazi yangu yuko Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, huu mwezi wa tatu hajavuka kuja kutuona. Yeye hesabu yenu haimjui.

Na wale watakaosema walioulizwa ni wachache, hilo silo tatizo. Mimi hupika pilau za harusi. Supu ya sufuria ndogo na ya sufuria kubwa naionja kwa kijiko kile kile, mradi nimekoroga. Nisipokoroga chumvi imekaa chini, hata nikimaliza bakuli zima sijajua kitu. Kukoroga kwenu ni kuchagua watu bila upendeleo. Watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa kosa la kama asilimia 5 juu au chini, iwe ni Lamu au Kenya yote. Kulipunguza nusu, wanatakiwa 1,600.

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi ya walioulizwa yalitoka vitabu vya simu na orodha za wenye magari, yaani wenye nazo.

Nendeni hata vijiji vya mbali kama Faza, Ndau na Kiunga, mchague nyumba kwa kura. Msiulize tu waliokaa kivulini karibu nanyi.