Rimoti ya mita 2000

Magoti ndiyo yaliyoniponza. Kwetu ni upande wa Pongwe, nyumba iko juu, kisima kiko bondeni, na katikati pana kama mita 500 za michungwa, mihogo na mbwa wa watu. Miaka sita nashuka asubuhi kuwasha pampu, napanda kusubiri tangi lijae, nashuka kuzima, napanda kunywa chai iliyokwisha poa. Kila siku ya Mungu. Mstaafu mzima, mwenye wajukuu, nakwea kilima kwa ajili ya maji ya kuoshea masufuria.

Ndipo nikaiona rimoti ya kuwashia na kuzimia pampu. Ilikuwa Ngamiani, duka sitaji na barabara sitaji, maana barabara za Ngamiani zina namba, nikikutajia utakwenda. Kidude cha mkononi, saizi ya sabuni iliyotumika wiki moja, kina kitufe kimoja chekundu na antena ya kuvuta kama ya redio za zamani. Kwenye boksi wameandika mita 2000. Nikapiga hesabu: mimi nahitaji 500, zinabaki 1500 za akiba. Nikalipa 45,000, nikarudi na baiskeli yangu napiga mluzi kama kijana aliyekubaliwa posa.

Maandishi ya chini, madogo kama chawa, sikuyasoma. Mjukuu ndiye aliyenisomea baadaye: mita 2000 mahali peupe, pasipo na kizuizi. Peupe! Tanga hii, mita 2000 za peupe utazipata baharini. Labda mimi nisimame Raskazone, pampu niipeleke Kisiwa cha Toten.

Fundi akaja. Huyu fundi ana ugonjwa mmoja, anapenda unadhifu. Risiva, kile kisanduku kinachopokea amri ya rimoti, alikifunga ndani ya kibanda cha pampu, na kibanda chenyewe ni bati kuanzia chini mpaka paani, mlango pia bati. Kwenye risiva kulikuwa na kiwaya chembamba kinaning'inia, urefu wa kalamu ya risasi hivi. Akaona kinaharibu sura. Akakikunja, akakikunja tena, akakisokomeza ndani kama utumbo wa kuku, akafunga kifuniko.

"Mzee, umeiona kazi?"

Nikaiona kazi, nikalipa.

Siku ya uzinduzi nimekaa barazani, kahawa mkono huu, rimoti mkono huu, wenzangu wameacha dhumna wananitazama mimi. Nikavuta antena. Nikabonyeza. Kimya. Sisi pampu ikiwaka tunajua, bomba la tangi hukohoa kwanza, upepo, halafu ndiyo maji. Halikukohoa. Nikasimama, nikabonyeza. Nikapanda juu ya kinu, nikabonyeza. Mmoja akasema weka kidevuni, wenye magari hufanya hivyo, mwili unasaidia kusukuma mawimbi. Nikaiweka kidevuni, uso nimeuelekeza mbinguni, nikawa nabonyeza na kubonyeza. Akapita mama mmoja na ndoo kichwani, akanitazama, akasema "Innalillahi," akabadilisha njia.

Nikashuka bondeni kutazama. Yaani nashuka bondeni kuhakikisha kama kile kitu nilichokinunua ili nisishuke bondeni kimefanya kazi! Nilipofika mlangoni pa kibanda nikabonyeza kwa hasira, pampu ikanguruma papo hapo. Hatua tatu kutoka kwenye swichi, rimoti inafanya kazi vizuri mno.

Na ubaya wa hizi rimoti, zinatuma tu, hazipokei jibu. Hakuna "nimesikia". Ni kama kumtuma mtoto dukani mpira ukiwa unaendelea. Tena kitufe chenyewe ni kimoja, bonyeza inawaka, bonyeza inazima. Sasa umebonyeza mara saba, hujui zilizofika ni ngapi. Zikiwa witiri pampu imewaka, zikiwa shufwa imezimika. Baraza letu likagawanyika. "Witiri!" "Shufwa!" Watu wazima wanagombana kama wamegundua mwezi umeandama.

Baada ya wiki mbili mambo yakageuka. Mke wangu alikuja na simu mkononi. "Baba watoto, uniti za umeme wa Luku za Ijumaa umezipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Usiku ule ule, nimelala, nasikia bomba linakohoa. Nani kawasha? Nikaichukua rimoti chini ya mto, nikaielekeza dirishani, nikabonyeza. Bomba likaendelea kumwaga maji. Nikabonyeza tena na tena. Mwisho nikafunga msuli, nikashika tochi, nikashuka. Ndani ya kibanda kumbe nyigu wameshahamia. Watu wa Tanga tuna historia na hawa wadudu wa kuuma, Novemba 1914 nyuki walivuruga mpaka jeshi la Waingereza lililokuja kuuteka mji, mimi na msuli wangu ni nani? Nikazima kwa fimbo, nikarudi na sikio moja limekuwa mawili.

Mara ya tatu nikaanza kuweka kumbukumbu. Nikachukua daftari la mjukuu la hisabati, kila bomba likikohoa usiku nawasha taa naandika: siku, saa. Mtu akiniibia umeme nataka ushahidi.

Sasa, ubavuni mwa kisima changu amejenga kijana mmoja wa kazi za bandarini. Nyumba nzuri, vigae, na geti la umeme linaloteleza kwenye reli. Anakuja na gari, anabonyeza, geti linafunguka, anaingia, linajifunga lenyewe. Shifti yake, kwa maneno yake mwenyewe, inaisha saa nne usiku. Naye akaja barazani analalamika. Geti lake limeingiwa. Mchana linafunguka peke yake, usiku linafunguka peke yake, halafu linajifunga. Mbuzi wangu wawili waliingia, likajifunga nyuma yao, wakashinda wanakula maua ya mkewe mpaka jioni. Mlinzi kakimbia, hata mshahara wa mwezi hakudai. Unajua watu wanavyotusema sisi wa Tanga, basi mzee mmoja akashauri kisomo, nasi tukachanga hela ya ubani. Mimi nilitoa 2,000. Naumia nikikumbuka.

Aliyetuokoa ni kijana anayetengeneza redio pale barabarani. Alifungua risiva yangu, kisha akaomba kufungua ile ya geti, akacheka mpaka akakaa chini. Ndani kuna vijiswichi vinane vidogo kama punje za mchele. Ukivipanga juu na chini unapata namba za siri 256, kila mtu achague yake. Vyangu vyote vimelala chini kama vilivyotoka kiwandani. Vya geti, vyote vimelala chini. Fundi mmoja, yule yule mnadhifu. Rimoti yangu ilikuwa inafika mbali sana, ila inafika getini, kwa sababu risiva ya jirani iko juu ya nguzo, nje, waya umenyooka. Kwangu waya umekunjwa ndani ya bati. Mawimbi ya hizi rimoti, megahezi 433, urefu wake ni kama sentimita 69, na kile kiwaya cha sentimita 17 ni robo yake, kimekatwa makusudi. Akakinyoosha, akakitoa nje ya bati, akavipanga vijiswichi upya, akaniambia nirudi barazani nibonyeze. Nikabonyeza mara moja. Bomba likakohoa. Watu wakapiga makofi.

"Kwa hiyo, mzee," kijana akaeleza mbele ya watu wote, "kila huyu bwana alipofika nyumbani usiku, alikuwa anafungua geti lake na kuwasha pampu yako."

Baraza zima likacheka, jirani akicheka kuliko wote. Mimi nami kwa furaha nikatoa daftari langu nikasoma kwa sauti, watu waone nilivyokuwa naonewa. Jumatatu, saa 7:40 usiku. Alhamisi, saa 9:10 usiku. Jumamosi, saa 8:15 usiku. Kicheko cha jirani kiliishia pale kwenye Alhamisi.

Magharibi ile nikasikia hodi. Mke wa jirani, kajitanda kanga, sauti ya upole kabisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Sikai. Nimekuja kuazima lile daftari la pampu."

Nikamwambia nimelisahau kibandani, kule chini, na giza limeshaingia. Akasema hapana taabu, atashuka mwenyewe, magoti yake mazima.