Hata mmoja tu anatosha
Makala inauliza kama mwanafunzi mweusi Marekani anafaidika kufundishwa na mweusi mwenzake, halafu inajibu kwa hisia tupu. Mbona ushahidi upo? Kule jimbo la Tennessee, kuanzia 1985, watoto waligawiwa madarasa kwa bahati nasibu, hakuna mzazi aliyechagua mwalimu. Baadaye watafiti wakakuta weusi waliopata hata mwalimu mmoja mweusi miaka ya mwanzo walijiunga na chuo zaidi, kwa takriban asilimia 13. Mmoja tu! Mimi nadhani siri ni matarajio: mtoto akinyoosha mkono, mwalimu huyo hashangai. Ila msimgeuze mwalimu mweusi kuwa mtuliza watukutu wa shule nzima. Na baada ya hukumu ya Brown ya 1954, ambapo Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza kutenga wanafunzi shuleni kwa rangi, shule zilipounganishwa, maelfu ya walimu weusi walipoteza kazi. Hilo mwandishi kaliruka.