Nesi aliyekataa kuniambia

Jumamosi nilipiga simu hospitali moja hapa Hamburg kumuulizia rafiki yangu, Mtanzania mwenzangu, aliyebebwa na gari la wagonjwa usiku. Nesi akaniuliza mimi ni nani yake. Nikasema ndugu. Akanijibu kwa upole kwamba hawezi kusema chochote, hata kama mtu huyo yuko wodini au hayuko. Nilikata simu nimefura. Kwetu ningeshafika kitandani na uji kwenye chupa ya chai, na vipimo vimesema nini ningeshajua.

Hasira iliposhuka nikamkumbuka shangazi yangu. Amenikubalia nisimulie, mradi ugonjwa nisiutaje. Kituo cha afya kiko mita 200 tu kutoka mlangoni kwake. Alipima pale asubuhi, jioni mama muuza maandazi akampa pole. Tangu siku hiyo anapanda basi la saa kumi na mbili alfajiri kufuata dawa wilaya ya pili. Akishapewa, anazitoa kwenye kopo na kuzifunga kwenye kitambaa, zisilie mkobani.

Najua mtakachosema: "Kaenda Ulaya juzi, leo keshakuwa Mzungu." Sijawa. Manesi wetu nawaheshimu mno. Nimemwona mmoja akihudumia wodi nzima usiku kwa tochi ya simu, na hakumfokea mgonjwa hata mmoja. Na huku mtu hulazwa wiki nzima asitembelewe na yeyote. Hilo silitamani kabisa lije kwetu.

"Lakini sisi ni jamii, mgonjwa ni wa wote." Kwa uji na kwa dua, ni wa wote. Majibu ya maabara ni yake. Hapa Ujerumani, kifungu cha 203 cha sheria ya jinai kinampa daktari au nesi anayetoa siri ya mgonjwa faini au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Na sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Manesi wetu wenyewe, kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, wanashika mishumaa na kuapa kutunza siri za wagonjwa! Kwa hiyo msiniambie habari za umaskini. Vitanda vinasubiri bajeti, dawa zinasubiri bajeti. Kunyamaza kunasubiri nini?

Rafiki yangu alinipigia mwenyewe Jumatatu, akanieleza alichotaka nijue. Shangazi zamu yake ya dawa ni Alhamisi. Nauli nimeshamtumia.