Binti wa Watu na Spika za Mtumba

Kama una adui, usihangaike kutafuta mganga. Mpe mchezo wa zamani wa kompyuta, umwambie "wewe bonyeza tu, utafunguka," kisha urudi zako nyumbani ulale. Yaliyobaki atajifanyia mwenyewe.

Mimi aliyenifanyia hivyo ni mtoto wa kakangu, damu yangu. Kaja likizo kutoka chuo Mombasa, kashuka hapa Lamu kwa boti ya Mokowe na begi la nguo chafu za kufuliwa na mamake, na kijiflashi kinaning'inia kwenye funguo. "Ami," aniambia, hata chai hajanywa, "nimekuletea ule mchezo wako." Laiti ningemwambia anywe chai kwanza.

Miaka ya tisini nilikuwa karani huko huko Mombasa. Ofisini tulikuwa na kompyuta moja, imevishwa kitambaa cha kushonwa, haivuliwi ila bosi yupo. Sasa bosi akienda kula, kitambaa kinavuliwa, na makarani wazima wenye watoto tunapanga foleni kucheza Prince of Persia. Kwa msioujua: Sultani amekwenda vitani nchi za watu, nyuma waziri wake Jaffar amemfungia binti mfalme na kumpa saa moja achague, aolewe naye au afe. Kijana anayependwa na binti yuko gerezani chini kabisa, hana hata kisu, na ana dakika 60 za kupanda juu, kuruka mashimo, kukwepa miiba ya chuma na kupigana na walinzi. Ukifa unaanza tena mwanzo wa hatua ile ile, lakini saa hairudi nyuma.

Aliyeutunga ni Mmarekani, Jordan Mechner, ukatoka mwaka 1989. Ule mwendo wa kijana aliutoa kwa mdogo wake wa damu: alimpiga video akikimbia na kuruka, akamchora picha baada ya picha. Ndiyo maana akining'inia ukingoni unaona mtu ana uzito, mikono inamuuma. Michezo ya siku hizi inakuonyesha mpaka jasho la shingoni, lakini watu wake hawakanyagi chini.

Jambo moja tu sijalielewa mpaka leo. Sultani mzima anakwenda vitani, funguo za nyumba anamwachia waziri! Hapa Lamu mtu akilala Mombasa usiku mmoja funguo anamwachia mama mkwe, na bado anapiga simu kila saa kuuliza mlango umefungwa.

Haya. Kompyuta yangu ni ya mtumba, nimeiweka ukumbini chini ya zidaka, mahali ambapo bibi yangu aliweka vikombe vya kauri na mimi nimeweka nyaya. Nikabonyeza. Kibao kikatokea: programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Nikamwita kijana.

"Ami, mchezo huu ni wa biti 16. Windows yako ni ya biti 64. Ya 64 haifungui vitu vya 16."

Mimi hesabu nimesoma. 64 ni 16 mara nne. "Mwenye nne anashindwaje kumbeba mwenye moja?"

"Hicho kipande cha kubebea hakimo, Ami. Kwenye 64 walikiacha."

Walikiacha! Yaani watu wazima walikaa kikao, wakanywa chai, wakaamua mimi nisicheze. Nimezunguka na neno hilo mpaka magharibi.

Dawa, kumbe, alikuwa nayo kwenye flashi ile ile, ila alitaka kwanza nipate uchungu. Inaitwa DOSBox, programu ya bure, ipo tangu 2002. Inaiga ndani ya kompyuta yako kompyuta ya enzi zile, na prosesa yake na kadi yake ya sauti, mchezo unadanganyika kwamba bado tuko miaka ile. Ukiifungua unapata dirisha jeusi na kiandiko Z:\> na kijistari kinapepesa. Alfabeti yote ipo, wao wameanzia ya mwisho. Hakuna picha wala cha kubonyeza. Inataka uandike mount c, kisha uandike tena folda iliko, ndipo ikubali kwamba kuna kitu kinaitwa C. Folda iko humo humo ndani ya mashine! Ni mimi niiambie iliko? Na kibodi yangu herufi zimefutika, mkwaju wa kulalia nyuma (\) naupapasa kwa kumbukumbu. Halafu ukibonyeza ndani ya dirisha lile, mshale wa kipanya unamezwa. Mpaka uwe umeambiwa na mtu kwamba ni Control na F10 ndiyo utautoa. Sikuwa nimeambiwa. Kijana alikuwa amekwenda Shela kuogelea.

Basi, ukafunguka. Yule pale kijana wangu na kanzu yake nyeupe, anaanguka gerezani, lango linashuka nyuma yake. Kimya. Anakimbia, kimya. Anaangukia miiba, kimya, kafa kifo cha adabu kabisa.

Utasema sauti ya nini, si unaona kwa macho. Huujui mchezo huu. Kuna vigae vya sakafu vilivyolegea, unavijua kwa kugongana kabla havijaanguka na wewe. Kuna malango yanayofunguliwa kutoka chumba kingine, huyaoni, unayasikia yakipanda na yakianza kushuka, ndipo ujue ukimbie au uketi. Bila sauti wewe ni kiziwi gerezani, na saa inakwenda.

Nikafanya kosa wanalofanya watu wote wa mji huu, nikalitaja jambo langu barazani. Pale Mkunguni, mbele ya ngome, na kahawa mkononi. Mmoja akasema michezo ya zamani haikuwa na sauti kabisa, nimezoea mambo ya kisasa. Huyu alikuwa na haki nusu: kompyuta za mwanzo zilikuwa na kispika kimoja ndani ya kasha, kazi yake kulia "pii", basi. Kadi za kupiga muziki ndio kwanza zilikuja, AdLib mwaka 1987, na Sound Blaster ya Singapore mwaka 1989. Lakini mchezo huu unazijua zote mbili, kwa hiyo nusu yake nikamrudishia. Mwingine, fundi wa madau, hajagusa kompyuta tangu azaliwe, akasema ni pepo la bahari limeingia nyaya. Wa tatu akanishika bega kwa huruma: "Iweke kwenye mchele."

"Hiyo ni ya simu iliyoanguka majini."

"Kompyuta nayo ni simu kubwa."

Nikauliza mchele kiasi gani, kwa kebehi. Akaanza kupiga hesabu ya magunia.

Nikamleta fundi wa simu wa Langoni. Akaja na kamkoba kake, akapiga magoti nyuma ya kasha, akaona matundu, la kijani, la waridi, la samawati. Plagi ya spika ilikuwa kwenye la kijani, ndipo mahali pake. Lakini alipoichomoa, lo! Chuma chote kimeota ukungu wa kijani. Upepo huu tunaousifia wageni una chumvi, unakula bawaba, unakula baiskeli, na spika zangu haukuzisahau. Fundi akamimina spiriti kwenye pamba, akasugua mpaka plagi ikang'aa, akachomeka, akafungua video ya taarabu. Qanun ikalia mpaka vumbi la zidakani likashuka. Tukatabasamu. Nikafungua mchezo. Kimya.

Fundi akafunga mkoba. "Mimi kazi yangu ni spika, na spika zinalia. Hiyo nyingine ni ya programu." Akapokea chake akaondoka. Nimegundua kila fundi ana mpaka wa kazi yake, na tatizo lako siku zote limejenga hatua moja ng'ambo ya mpaka.

Kijana aliporudi na mchanga wake miguuni, akaanza kunifundisha. Enzi zile, Ami, chini ya DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, hakukuwa na mtu wa kati wa kuisemea michezo yote kwa kadi ya sauti. Kila mchezo ulikwenda wenyewe kuitafuta kadi, na mingi ilimuuliza mwenye mashine: kadi iko anwani gani? IRQ ipi? DMA ipi? IRQ ni njia ya kadi kumgutusha prosesa, "nisikilize", na DMA ni njia ya kuvusha sauti bila kumsumbua. Ukitaja njia siyo, sauti hakuna, au inalia kipande kisha mashine inaganda. Na njia ya 7, waliyoipenda wenye kadi, ilikuwa pia ya printa. Wawili mlango mmoja. Sasa mtu umerudi kazini umechoka, unataka kuruka mashimo mawili matatu, mchezo unakuhoji habari za ndani ya nyumba yako utafikiri wewe ndiye uliyejenga!

DOSBox yenyewe humaliza mahojiano hayo kwa mstari mmoja: SET BLASTER=A220 I7 D1 H5 T6. Niliutazama sana. Ukiandikwa kwa zafarani kwenye sahani ukaoshwa kwa maji ya waridi, hapa mtaani utapata wa kuunywa. Tukahakikisha: 220 ipo, 7 ipo, 1 ipo. Kila kitu mahali pake na mchezo bubu. Kijana akasema labda tubadilishe kompyuta. Wa siku hizi hawa, jambo likiwashinda dawa yake ni duka.

Akalala. Mimi sikulala. Mimi ni karani, na karani faili halirukii, analisoma kutoka "Kumb." mpaka sahihi. Nikafungua faili ya mipangilio ya DOSBox, dosbox.conf, ndefu, maelezo mengi, nikashuka mstari kwa mstari na miwani puani. Nikafika sehemu ya mixer, ndiyo ya sauti. Mstari wa kwanza tu wa sehemu hiyo: nosound=true.

Yaani sauti haikukosekana. Ilikatazwa kwa maandishi.

Nikamwamsha. Akafikicha macho, akasema, "Ah, hiyo ni ya yule tunayelala naye chumba kimoja hostelini. Nilinakili folda yake. Anacheza usiku, hataki msimamizi asikie." Kwa hiyo mimi nimekunywa ushauri wa baraza nzima, nimemlipa fundi, nimefundishwa IRQ uzee huu, kwa sababu kuna kijana Mombasa anaogopa msimamizi wa hosteli! Nikafuta true, nikaandika false, nikahifadhi.

Sasa hapa mnisikilize. Spika tangu fundi aondoke hakuna aliyezipunguza. Ilikuwa saa sita usiku, mji umelala, hata punda wamenyamaza. Nikafungua. Lango likashuka kwa kishindo, nyayo zikakimbia ukumbini kwangu, na nilipomfikia mlinzi wa kwanza, panga kwa panga, kwacha kwacha, kwenye nyumba ya mawe yenye dari ya boriti inayorudisha kila mlio mara mbili. Na mimi, sikatai, nilipiga kelele: "Mchome! Mchome!"

Nyumba zetu zinapakana, na juu ya ushoroba kuna wikio la jirani, chumba kinachovuka njia, dirisha lake linatazama kwangu. Likafunguka. "Yeo kuna nini huko? Nani anapigana?"

Mke wangu akajibu kutoka chumbani, bila kuinua kichwa mtoni: "Hakuna kitu, lala mwanangu. Ni mume wangu, anamtafuta binti wa watu."

Dirisha likafungwa taratibu. Nikadhani yameisha.

Asubuhi nimekwenda kununua mahamri. Muuzaji, aliyezoea kunipunja, kaniongeza mawili. "Ya bwana arusi," asema. Nikacheka nikapita. Pale Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mwenye punda wa mchanga, badala ya kupiga simile nipishe, kasimamisha punda nipite mimi. Barazani wakasogea kunipa nafasi ya katikati, na yule wa mchele akaniuliza kwa sauti ya chini kama binti ni wa Lamu au wa Pate. Kumaliza kikombe, habari imekwisha kuwa kwamba nimepigana panga na kaka zake.

Mke wangu ndiye ningemtegemea kukanusha. Nikamkuta anakuna nazi. "Si kweli unamtafuta? Tangu mtoto aje hujalala."

Na huyo binti sijamfikia, sitamfikia. Nimemshinda mlinzi, nimepita mlango wa hatua ya kwanza, nikaingia chumba cha chupa. Chupa zimepangwa, kila moja na herufi yake, na chini maandishi: kunywa chupa yenye herufi ya kwanza ya neno fulani, mstari fulani, ukurasa fulani wa kitabu cha mchezo. Enzi zile ndiyo ilikuwa kinga dhidi ya walionakili. Ukikosea unakunywa sumu. Ofisini kitabu kilikuwa kwenye droo ya bosi, tulikwisha kuzikariri herufi, sasa zimenitoka zote. Na spika zilivyo sasa, kila nikinywa sumu mtaa mzima unajua.

Nikiwa hapo nikibahatisha, simu ikalia. Shemeji, kaka wa mke wangu, kutoka Matondoni. Sauti nzito.

"Nimesikia."

"Shemeji, umesikia nini?"

"Kuna binti."

"Yupo, lakini si hivyo. Babake hayupo, yuko vitani. Kuna mtu mwingine anataka kumwoa kwa nguvu."

Kimya kidogo. "Na wewe umefika wapi?"

"Mimi nimekwama mlangoni. Siwezi kwenda mbele wala kurudi, wanataka kitabu."

"Kitabu," akarudia shemeji, akashusha pumzi. "Basi usitie sahihi chochote. Nakuja na boti ya adhuhuri, na kadhi nimeshamwambia."